Kidevu Kilichokosa Jua

Kibiti, 3 Mfunguo Tatu 1323

Kaka Sadallah,

Salamu zikukute dukani kwa Rajabali ukiwa mzima, na Mohoro yote pia. Sisi tu wazima. Siti ameota meno na ananiuma nayo. Mengine ya kujuliana hali tuyafupishe, maana Bibi Tabu amekwisha funga mikeka yake na anaondoka sasa hivi kuja kuiuza huko kwenu.

Nina haja moja. Nataka wembe, na nataka kujifunza kunyoa. Unajua sijapata kunyoa mtu. Nilishika wembe wa marehemu baba mara moja tu, ule wa kukunja, nikajikata kidole mpaka mfupa ukachungulia. Huo siutaki. Nataka wembe ambao asiyejua kitu anaweza kuushika asimwage damu ya mwenzake, tena uweze kunyoa kila siku. Wewe unafungua makasha ya Ulaya, unajua kilichomo. Nichagulie kama unavyojichagulia kanzu ya Idi.

Mtu akikuuliza, mwambie ni wa nywele za mtoto.

Nduguyo,
Mwanamina binti Khamisi


Mohoro, 12 Mfunguo Tatu 1323

Dada yangu Mwanamina,

Idi imekwenda salama. Nyama nimekula, ndevu nimezipaka mafuta, na msikitini watu wamenisifu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka, ya pili nikaacha kucheka.

Mtoto gani ananyolewa kila siku? Siti ana nywele za kujaza kijiko. Mumeo Mshamu alipanda kwao milimani mwaka jana vita vilipoanza, akanywa maji ya dawa pamoja na wenziwe, na tangu hapo hakuna aliyemwona. Basi naona mambo mawili. Ama umekata tamaa, unataka kunyoa kichwa ukae eda kama mjane, na hapo nakupa pole na kulia nalia nawe. Ama kuna mwanamume anayekuja nyumbani kwako na kidevu chake, na hapo nitakuja Kibiti na bakora. Niandikie ni lipi, nijue nije na nini.

Nyembe ziko za namna tatu. Ya kwanza ni hiyo ya kukunja uliyoikataa. Ya pili ina kichwa kizito na kipande kinene cha chuma chenye makali upande mmoja. Haikati sana ngozi, lakini kila ukinyoa sharti uinoe kwenye ukanda wa ngozi, na kunoa ni elimu nyingine peke yake. Ya tatu imetoka Amerika. Aliiagiza Mdachi mmoja ambaye hakurudi kuichukua. Ina mpini mfupi, ukiuzungusha kichwa kinafunguka, na ndani unabana kijiwembe chembamba kama jani la mpunga, makali pande mbili. Chini ya makali pana meno kama ya kitana, yanaizuia ngozi isiingie. Upande mmoja ukichoka unageuza wa pili. Rajabali anauona ni mchezo wa watoto na yuko radhi niuchukue.

Lakini mtu hachaguliwi wembe bila kujulikana kidevu. Ndevu ngumu, ndevu laini, ngozi ya mzee, ngozi ya vipele, kila moja na wembe wake. Hiki ni cha nani?

Kakako,
Sadallah


Kibiti, 19 Mfunguo Tatu 1323

Kaka,

Barua hii imeshonwa ndani ya mkeka, na Bibi Tabu anajua. Ukimaliza kuisoma itie motoni.

Bakora iache. Kidevu ni cha Mshamu.

Yu hai. Walikunywa maji wakaambiwa risasi zitageuka maji, na yeye aliwaona wenziwe wakianguka ubavuni kwake. Aliteremka kwa njia za nguruwe mpaka Delta, na sasa yuko visiwani na wakata boriti za mikoko. Nilikwenda kwa mtumbwi, nikasema nafuata chumvi. Kaka, sikumjua. Ndevu zimefika kifuani, zimeshikana kwa matope. Siti alimwona akapiga kelele, naye akageuka akatazama maji ili nisimwone analia.

Mkono wake wa kulia ulivunjika huko porini ukaunga vibaya. Hawezi kushika kijiko, sembuse wembe. Kule visiwani mwenye wembe ni mmoja, na mdomo wake una makali kuliko wembe wenyewe. Kinyozi wa hapa Kibiti ndiye anayempelekea akida wa Wadachi habari zetu. Kwa hiyo nimebaki mie.

Mfunguo Tano akida atapita kuandika wanaume. Atakayekutwa na jembe na sura ya nyumbani ataandikwa, atalima pamba yao, yamekwisha. Mwenye sura ya porini atafungwa kamba, na wanaofungwa kamba wewe umeona wanakopelekwa. Nitasema Mshamu alikuwa Delta anakata boriti tangu mwaka jana, na wakata boriti wamekubali kunishuhudia. Kilichobaki ni sura, na hiyo nitaitengeneza.

Ndevu zake ni ngumu kama makumbi, ngozi ni laini na hutoka vipele. Nimekwambia kidevu. Chagua.

Mwanamina


Mohoro, 27 Mfunguo Tatu 1323

Mwanamina,

Nimekudhania mabaya, nisamehe. Siku nilipoipata barua yako nilifurahi mpaka nikampimia mtu mchele badala ya chumvi.

Nimekuchagulia wa tatu, wa makali pande mbili. Wa kunoa ungekushinda, na mkono wa anayeanza unahitaji wembe wenye meno ya kuuzuia. Lakini niliogopa kukutumia kitu nisichokijua, ukaja ukamkata koo shemeji yangu, ikawa mimi ndiye niliyemaliza kazi ya Wadachi. Kwa hiyo nimeujaribu mwenyewe. Ndiyo, ndevu zangu, zilizosifiwa msikitini. Nilikaa uani na kioo, nikajinyoa mpaka nikabaki kama kijana wa jando. Mara ya kwanza nilijikata, mara ya tatu sikujikata. Sasa nisikilize.

Ndevu ndefu zipunguze kwanza kwa mkasi, wembe huu hauwezi msitu. Mkande uso kwa kitambaa cha maji ya moto, kisha paka sabuni mpaka povu lisimame. Usikandamize. Mkono uliozoea kisu cha jikoni utataka kukandamiza, na hapo ndipo damu inapotoka. Uzito wa wembe wenyewe unatosha. Ulaze mpini polepole mpaka usikie ndevu zinakatika, sauti yake kama ng'ombe akila majani. Fuata ndevu zilivyolala. Kwenda kinyume nazo ni kwa waliokwisha jua. Vijiwembe ni vichache, lakini nimekisugua kimoja ndani ya bilauri kwa kidole, huku na huku, nikaona makali yanarudi.

Sasa jambo kubwa. Juzi kivukoni askari walishika watu watatu. Hawakuwa na ndevu, hawakuwa na silaha. Askari aliwatazama kidevu tu. Walikuwa wamenyoa asubuhi ile ile, na pale palipokuwa na ndevu hapakuwa pameona jua miezi mingi, pamebaki peupe. Uso rangi mbili! Tangu hapo kila anayevuka anainuliwa kidevu. Basi usingoje siku ya akida. Mnyoe leo, umnyoe kesho, umnyoe kila siku ya Mungu, na ukimaliza umkalishe juani mpaka kidevu kifanane na paji la uso.

Watoto wa Rajabali wananicheka. Wanasema nimekunywa tui nikasahau kufuta mdomo.

Sadallah


Delta, 6 Mfunguo Nne 1324

Kaka,

Wembe umefika ndani ya kibuyu cha samli, na Bibi Tabu ameapa hatabeba tena kitu kinachoteleza hivyo.

Siku ya kwanza nilimwambia Mshamu asiseme nami, na asikohoe. Alikaa juu ya gogo la mkoko, amefumba macho. Niliuweka wembe chini, nikatembea, nikarudi. Nilimkata mara nne. Alipofumbua macho akaniuliza, "Wewe nawe umetumwa na Mdachi?" Nikacheka, naye akacheka, na ndiyo mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu arudi. Kaka, kumbe nilikuwa na njaa ya sauti ile.

Siku ya pili nilimkata mara moja. Sasa simkati. Nakilaza kidevu chake kiganjani, nauacha wembe uende kwa uzito wake kama ulivyosema, na kweli ng'ombe anakula majani. Kisha namkalisha juani kwenye tope, pasipo na kivuli. Kidevu kilianza kama muhogo uliomenywa. Leo kimeanza kushika rangi. Siti anamshika shavu na kumwita Baba.

Nimeanza barua hii asubuhi nikiwa na furaha. Adhuhuri nimeitoa yako nisome tena habari za bilauri, na furaha imekwisha. Wewe mwenyewe umeandika kwamba kivukoni wanashika watu wa uso rangi mbili. Wewe mwenyewe umeandika kwamba watoto wanakucheka mdomo umebaki na tui. Mambo hayo mawili umeyaweka kwenye karatasi moja na hukuona! Ndevu ulizofuga tangu hujaoa umezinyoa kwa ajili yangu, na mimi nimekaa huku namtazama mume wangu tu.

Usiende kivukoni. Zungusha kilemba mpaka kidevuni, sema jino linakuuma. Kaa uani juani. Nakuomba, Sadallah.

Mwanamina


Mohoro, 11 Mfunguo Nne 1324

Mwanamina,

Barua yako Bibi Tabu ameisoma mwenyewe na kunieleza kupitia ukuta, maana ilinikuta nimekwisha fungwa. Hii naandika kwenye karatasi ya kufungia tende, aliyonipenyezea pamoja na chakula.

Nilikwenda kivukoni kupokea magunia ya chumvi, kazi niliyoifanya kila wiki. Askari akaniinua kidevu kwa fimbo, akasema, "Huyu naye." Nikacheka, nikadhani ni mzaha. Nimewaambia mimi ni mtu wa duka, sijashika hata upinde wa kuwindia ndege. Wakamwita Rajabali. Maskini, aliulizwa kama nilikuwepo vita vilipoanza, akasema kweli, kwamba mwezi ule sikuwepo. Unajua nilikuwa Dimani tunamzika mama. Lakini Dimani ni mbali, na akida hana haja ya kutuma mtu.

Waliniuliza kwa nini nimenyoa. Nikasema nilikuwa najaribu wembe mpya. Wakasema, "Tuonyeshe huo wembe." Hapo nikawaza. Nikisema uko kwako wataufuata, na wakiufuata watamkuta wanayemtafuta hasa. Nikasema umeniponyoka mtoni. Hawakuamini, na mimi nisingeamini.

Ijumaa ijayo akida atasikiliza kesi zetu. Wanaopatikana na hatia hawarudi nyumbani.

Unanijua mimi ni mwoga. Hata kuku nilikuwa namwomba baba anichinjie. Na hapa naogopa sana, sitakudanganya. Lakini nimefikiri nikaona Siti amemjua babaye juzi tu. Usije. Mkataze na Mshamu asije. Ukija utanikuta nimekasirika.

Kakako,
Sadallah


Delta, 15 Mfunguo Nne 1324

Sadallah,

Kasirika. Nakuja.

Barua yako nilimsomea Mshamu, na kabla sijamaliza alikuwa amesimama anatafuta kasia. Anasema atajitoa mwenyewe, akuokoe. Nikamwuliza, wakimpata yeye ndio watakuachia wewe? Watasema ndugu wawili wa vita, watafunga kamba mbili. Alibisha mpaka jua likatua. Mwishowe nikamwambia, kidevu hicho nimekitia rangi mie kwa mkono wangu, na sikukitia rangi ukipeleke kwenye kamba. Akakaa.

Umesema wanataka kuuona wembe. Watauona. Umesema wanataka kujua kwa nini ulinyoa. Ulinyoa kwa ajili ya dada yako. Yote hayo ni kweli, na wewe ukisema kweli unasema vizuri. Litakalobaki ni neno moja tu, na hilo nitalisema mie.

Wewe ulikisia tangu barua yako ya kwanza. Ulidhani nataka wembe ninyoe kichwa nikae eda. Basi ndivyo ilivyokuwa. Mume wangu Mshamu amekufa vitani. Nimepata habari Mfunguo Tatu. Dada yako alitaka kunyoa nywele kama wanavyonyoa wajane, akaogopa wembe wa kukunja, akakuomba umtafutie wa mtu asiyejua. Ukaujaribu kwanza kidevuni kwako usije ukamkata. Hivyo tu. Ukiulizwa Mshamu yuko wapi, sema kafa, na ulie. Wewe kulia hukuanza leo.

Bibi Tabu amekaa nami wakati nanyoa. Nilinyoa mwenyewe, kwa kioo, na nyuma akanimalizia yeye. Nywele zilikuwa zinafika kiunoni, unazikumbuka mama alivyokuwa akizisuka. Mshamu alizipokea moja moja zikianguka, akataka kusema kitu, nikamnyamazisha. Ninalomfanyia yeye ni zito kuliko hizi nywele. Mtu akishaandikwa amekufa hana tena pa kurudi, hana kijiji, hana shamba, hana mke. Analijua. Nilimwuliza, akaitikia kwa kichwa.

Bibi Tabu anatangulia na barua hii, nami kesho nashika njia. Ijumaa utaniona.

Mwanamina


Mohoro, 24 Mfunguo Nne 1324

Mwanamina,

Nimerudi dukani. Rajabali amenipa tende na hajui anitazame vipi.

Siku ile sikupata nafasi ya kukwambia, maana ilibidi urudi kukaa eda na Bibi Tabu alikuwa anakuvuta mkono. Nilikuona unaingia uwanjani umevaa kaniki, umejifunga kitambaa kichwani. Akida akakwambia, "Kila mwanamke ana kaka ambaye hakupigana." Wewe ukautoa wembe ukauweka mbele yake. Akaufungua, akaufunga, akasema wembe hausemi ni wa nani. Ndipo ukavua kile kitambaa.

Kichwa chako, Mwanamina! Cheupe, juu ya uso wako ule mweusi. Ukamwambia, "Bwana akida, mie nami nilikuwa vitani? Tazama. Mtu akinyoa alichokuwa hajanyoa, ngozi hutoka hivi. Mweke kaka yangu hapa ubavuni kwangu." Wakanisimamisha karibu nawe, juani, kidevu na kichwa. Rangi moja. Wale askari wakaanza kucheka, na akida mwenyewe akajipapasa kidevu. Kisha akauliza jina la marehemu. Ukalitaja bila sauti kutetemeka, jina lake na la babaye, na karani akaandika. Mimi ndiye niliyelia, na sikuwa najifanya.

Nimefurahi kuwa hai. Lakini kila nikilala namwona shemeji yangu kule kwenye tope, kidevu kimeshika rangi nzuri na hana pa kukipeleka. Nduguze wa milimani watasomewa jina lake, watamwekea matanga. Wewe umefungiwa ndani. Siti atakua akiambiwa babaye alikufa. Umenikomboa mimi kwa kumtoa yeye, na mimi sikustahili. Niambie nifanye nini nikusaidie, nami nitafanya hata kama kinaogopesha.

Sadallah


Kibiti, 2 Mfunguo Tisa 1324

Kaka yangu,

Eda imekwisha. Masika yote nimekaa ndani nikisikiliza watu wakinisifu kwa subira. Nywele zimeota, zinanichoma shingo.

Umesema niseme la kukusaidia nawe utafanya. La kwanza, acha kuandika kwamba hukustahili, karatasi ni haba. La pili ni hili. Mimi sasa ni mjane aliyemaliza eda yake, na baba yetu amekufa. Walii wangu ni wewe. Mwanamume akitaka kunioa, neno ni lako.

Yupo mtu anaitwa Kondo bin Swalehe, mkata boriti wa visiwani. Huko kila mmoja ametoka kwake na hakuna anayeulizwa. Wakata boriti wamekubali, na tangu Mfunguo Nne wanamwita kwa jina hilo, na amenyoa kila siku kwa mkono wa kushoto, nimemfundisha mie kabla sijaingia ndani, na wembe Bibi Tabu alimrudishia. Kibiti wanamjua mtu mwingine wa sura yake, kwa hiyo hapa hatutaishi. Tutakaa naye visiwani, na ndoa ifungwe kwako Mohoro, ambako hakuna aliyepata kumwona. Nimeogopa dhambi, nikafikiri sana. Ndoa juu ya ndoa ya watu wale wale haimdhulumu mtu, nami Mungu ananijua.

Atakuletea posa. Mtazame vizuri kama kaka anavyopaswa kumtazama mposaji, kisha useme unavyoona. Ukikataa nitakuja na bakora.

Mwanamina


Mohoro, 10 Mfunguo Tisa 1324

Kwa Kondo bin Swalehe, visiwani.

Baada ya salamu. Barua yako ya posa imefika. Umeandika mwandiko mzuri kwa mtu mwenye mkono mbovu, na unafanana sana na wa dada yangu.

Umesema hujapata kuoa. Basi yakupasa uambiwe unachokiingia. Mwanamke huyu ana kichwa kigumu, akishaamua jambo hata akida hamrudishi. Ana mtoto wa kike anayeuma. Na alikuwa na mume, mtu mwema, ambaye alimpenda kiasi cha kukubali kufa ili kaka yake aishi. Nilimlilia mbele ya watu na bado sijamaliza kumshukuru. Nakupa mke wake, nawe umtunze kama yeye angemtunza.

Mimi, walii wake, nimekubali, na mwalimu wa kufunga ndoa nimekwisha mwambia. Usije kwa njia za nguruwe. Vuka kivukoni asubuhi watu wakiwa wengi, na askari akikuinua kidevu, mwache atazame.

Shemeji yako,
Sadallah bin Khamisi